Neno "precipitate" katika nyaraka za mashauri: jibu kwa mfasiri wa Arusha

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi katika ofisi ya wakili hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kufasiri nyaraka za mashauri ya kazi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Nimekwama kwenye sentensi hii: "The respondent's precipitate decision precipitated the dispute now before the Commission." Shauri lenyewe linamhusu mpishi wa hoteli aliyeachishwa kazi jioni ya siku ileile aliyotuhumiwa wizi, wakati yeye na wenzake walikuwa tayari wananung'unikia malipo ya saa za ziada. Niliandika: "Uamuzi wa haraka wa mlalamikiwa ulisababisha mgogoro ulio mbele ya Tume." Wakili akanirudishia akisema nimemsifu mpinzani wetu. Katika barua nyingine ya shauri hilohilo nimeona "precipitous dismissal". Neno hili maana yake hasa ni nini, linatofautianaje na "hasty" na "rash", na je, "precipitous" ni neno lilelile?

Jibu: Marahaba, dada. Wakili wako yuko sahihi kuhusu neno la kwanza, na naamini lipo tatizo jingine ambalo hakukutajia, nalo limo katika kitenzi. Sentensi uliyopewa inalitumia neno moja mara mbili kwa kazi mbili tofauti, mara ya kwanza kama kivumishi na mara ya pili kama kitenzi, na Kiswahili hakina neno moja linaloweza kubeba kazi zote mbili. Kwa hiyo tuyatenganishe kwanza, halafu tutarudi kuijenga sentensi nzima.

Kosa la "uamuzi wa haraka" ni kwamba "haraka" katika Kiswahili ni kipimo cha mwendo tu. Tunapoomba msaada wa haraka, au tunapoisifu zahanati kwa huduma ya haraka, hatumlaumu mtu. Katika mashauri ya kazi ndiyo kabisa, kwa sababu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, iliwekwa ili migogoro ya kazini isikae miaka, na msuluhishi amepewa siku 30 kujaribu kuwapatanisha wahusika. Mwamuzi anayefanya kazi ndani ya mfumo unaothamini haraka kiasi hicho, akisoma kwamba mwajiri alitoa uamuzi wa haraka, anaweza kabisa kudhani unamwelezea mwajiri makini asiyependa kumwacha mtumishi wake akining'inia. Wakati huo mwandishi wa Kiingereza alikuwa anamshutumu.

Shutuma hiyo imo ndani ya neno tangu asili yake. Kiingereza kimelichukua kutoka Kilatini, ambako "praeceps", lililoundwa kwa maneno yenye maana ya "mbele" na "kichwa", lilikuwa na maana ya mtu au kitu kinachokwenda kichwa kikitangulia, na kitenzi "praecipitare" kilikuwa kumtupa mtu kutoka mahali pa juu, kichwa chini miguu juu. Warumi wa kale walikuwa na jabali lililoitwa Tarpeia, pembeni mwa kilima cha Capitolium, ambako wahaini waliohukumiwa kifo walitupwa chini kwa namna hiyo. Katika picha hiyo kuna mambo mawili ya kuyashika: kuna ukingo, na kuna mwendo ambao ukishaanza hauwezi kurudishwa. Anayekimbia barabarani anaweza kusimama, lakini aliyekwisha kuuacha ukingo hawezi. Ndiyo maana kivumishi "precipitate" hakitumiki kwa kila jambo lililofanywa upesi, bali kwa tendo ambalo mtendaji amejitumbukiza kabla ya kufanya yale ambayo jambo lenyewe lilimtaka ayafanye kwanza, na sasa haliwezi kurudishwa, au linarudishwa kwa gharama.

Hapa napenda uangalie kwa makini, kwa kuwa ndipo wafasiri wengi wanapoteleza. Neno hili halipimi saa, linapima hatua zilizorukwa. Chukua mfano kutoka katika sheria unayoishughulikia kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na pia afuate utaratibu wa haki, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza kwamba mtumishi anayetuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, muda ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Mwajiri aliyemkabidhi mpishi wake hati ya tuhuma Jumatatu, akamsikiliza Alhamisi pamoja na mwakilishi wake, na akatoa uamuzi Ijumaa, amekwenda haraka, lakini hakuna mwandishi makini wa Kiingereza atakayeuita uamuzi huo "precipitate". Mwajiri mwingine aliyekaa na minong'ono ya wizi kwa miezi miwili, kisha siku moja akaamka na kumfukuza mtu kabla hata ya kumwuliza chochote, anastahili neno hilo ingawa miezi miwili imepita. Mpishi wenu aliachishwa jioni ya siku ileile aliyotuhumiwa. Kinachoshutumiwa ni kwamba kati ya tuhuma na kufukuzwa palitakiwa pawepo barua, maandalizi na kikao, na vyote vitatu vimerukwa.

Zingatia pia kwamba kivumishi hiki kinalenga namna jambo lilivyofanywa, na kinaweza kuliacha jambo lenyewe bila kuguswa. Rais Richard Nixon wa Marekani, katika hotuba yake ya tarehe 3 Novemba 1969 kuhusu vita vya Vietnam, alilikataa wazo la "precipitate withdrawal", yaani kuyaondoa majeshi yake yote kwa pupa. Hakuwa anakataa kuyaondoa, kwa kuwa katika hotuba hiyohiyo aliueleza mpango wa kuyapunguza hatua kwa hatua, jeshi la Vietnam Kusini likijengewa uwezo wa kushika nafasi. Alichokikataa ni kuondoka kabla ya maandalizi hayo. Katika shauri lenu ni vivyo hivyo: wakili wako anapoandika "precipitate decision" hasemi kwamba mpishi hakuiba, na huenda hata hajalifikia suala hilo bado. Anasema kwamba utaratibu umevunjwa. Kwa kuwa sheria yetu inatenganisha sababu na utaratibu, tafsiri yako nayo isiyachanganye. Ukiandika "uamuzi usio na msingi" au "uamuzi wa kionevu" utakuwa umemwongezea wakili hoja ambayo hakuitoa, na upande wa pili wana haki ya kumuuliza ameitoa wapi.

Sasa nije kwenye maneno mengine ya Kiingereza uliyoyataja. "Hasty" ndilo lililo karibu zaidi na "haraka" yetu inapokuwa na lawama kidogo. Linaweza kuwa la mlo uliolika mbiombio, barua iliyoandikwa mtu akiwa mlangoni, au uamuzi usiopimwa, na lawama yake ni nyepesi. "Rash" linatoka kwenye tabia ya mtu, kwa maana kwamba hakuijali hatari iliyokuwa wazi mbele yake, na mtu mwenyewe anaweza kuitwa "rash". "Precipitate" hutumika zaidi kwa tendo kuliko kwa mtu, na ni neno la maandishi rasmi. Mzazi wa Kiingereza anayemwonya mwanawe asiharakishe kuoa hatalitumia mezani, lakini jaji, mwanadiplomasia au mwandishi wa tahariri atalitumia bila kusita. Hilo lina maana kwako: neno la Kiswahili utakalolichagua nalo liwe na uzito wa kukaa katika waraka. Na usilichanganye na "summary", kama katika "summary dismissal", ambalo ni jina la kisheria la kuachishwa kazi bila notisi na kwa lenyewe halina lawama yoyote.

Kiswahili ni tajiri katika uwanja huu kuliko wengi tunavyokumbuka tunapokaa mbele ya kompyuta, na utajiri wenyewe ndio unaoleta taabu ya kuchagua. Ukiwauliza watu wa Arusha, wengi watakupa kwanza "kukurupuka". Uamuzi wa kukurupuka, kauli ya kukurupuka, kiongozi aliyekurupuka: tunayasikia redioni kila wiki. Neno lina picha nzuri, kwa kuwa anayekurupuka ni mtu aliyezinduka usingizini au mnyama aliyetimuliwa kichakani, anaondoka kabla hajajua anakwenda wapi. Kwa maana, hakuna neno linaloikaribia "precipitate" kuliko hili. Shida yake ni ukali, kwa sababu katika masikio ya watu wetu kumwambia mtu amekurupuka ni kumdharau, na wakili anayeheshimu baraza huenda asitake kumdharau mlalamikiwa katika waraka wa madai hata kama angefanya hivyo akiwa kwenye chai. Lipo pia la vijiweni, "kudandia treni kwa mbele", ambalo linachangamsha mazungumzo lakini halina nafasi katika faili la Tume.

"Papara" ni haraka yenye kuchanganyikiwa. Mtu mwenye papara anashika hiki anakiacha, anajikwaa, anasahau, na lawama yake huelekea kwenye utendaji mbovu. "Harara" ni haraka inayotoka kwenye hasira au damu kuchemka, na huko pwani bado inaishi vizuri kuliko huku kwetu bara, lakini ikitumika katika shauri lenu itadai kwamba mwajiri alikuwa na hasira, jambo linalohitaji ushahidi wake. "Ghafla" haifai hata kidogo, nami nitaeleza sababu yake mwishoni. "Mapema mno" inaeleza wakati bila kueleza kosa. "Bila kutafakari" inaingia kichwani mwa mwajiri na kudai kujua kilichokuwemo. Huenda alitafakari sana, usiku kucha, na bado akaruka kikao.

Inabaki "pupa", ambayo ndiyo ninayoipendekeza. Wapo watakaokuambia kwamba pupa ni ya chakula, na ni kweli kwamba tunaliona kwanza kwa mtoto anayekula kwa pupa na katika methali isemayo mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hata hivyo methali hiyo yenyewe haizungumzii chakula peke yake. Inamzungumzia anayelivamia jambo kabla halijawa tayari, na kwa kulivamia akalikosa. Kwa muda mrefu tumekuwa tukisema mtu ameamua kwa pupa au ametoa hukumu kwa pupa, na kila msomaji anaelewa kwamba lawama ipo, kwamba ni ya namna tendo lilivyofanyika, na kwamba hakuna tusi. Kama wakili wako ataona pupa inaleta harufu ya ulafi, kuna njia nyingine, ndefu lakini safi: "uamuzi uliochukuliwa kwa pupa, kabla ya taratibu zinazotakiwa kufuatwa". Maneno hayo ya mwisho ni ufafanuzi uliotolewa ndani ya neno la Kiingereza lenyewe, na kwa kuwa shauri linahusu utaratibu, mfasiri anaweza kuyatetea akiulizwa. Nisingeyaongeza katika riwaya. Katika waraka wa madai ningefikiria kuyaongeza, baada ya kumuuliza aliyeandika.

Tuje sasa kwenye kitenzi, ambacho nilisema kina tatizo lake. Wewe umeandika "ulisababisha", na hata baadhi ya kamusi zitakuunga mkono. Mimi naliona ni hasara kubwa. Kitenzi "precipitate" kinatoka kwenye ukingo uleule wa jabali: kuna kitu kilichokuwa tayari kimefika pembeni, na kikatokea kitendo kimoja kikakisukuma. Anayesema A "precipitated" B anakubali, kimyakimya, kwamba B ilikuwa njiani, na kwamba A iliifanya itokee sasa badala ya baadaye, au itokee kwa kishindo badala ya taratibu. "Kusababisha" hakuyasemi hayo. Kunaifanya A kuwa mzizi.

Katika Arusha tunao mfano ambao hatuna budi kuuheshimu. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokuwa inakaribia kutua Kigali, na mauaji yakaanza saa hizohizo. Waandishi wengi wa Kiingereza wanaposimulia tukio hilo huandika kwamba kutunguliwa kwa ndege "precipitated" mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na wale makini wamelichagua neno hilo kwa makusudi. Mfasiri anayeandika kwamba kutunguliwa kwa ndege "kulisababisha" mauaji anamwachia msomaji picha ya watu walioshikwa na ghadhabu ya siku moja kwa kufiwa na rais wao. Wanamgambo waliokwisha kufundishwa, silaha zilizokwisha kugawiwa na redio iliyokuwa ikieneza chuki tangu mwaka 1993, wakati ambapo wanasiasa walitia saini hapahapa Arusha makubaliano ya amani ya tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vyote vinafutika kwa kitenzi kimoja. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi katika mji huu hadi mwisho wa mwaka 2015, ilisikiliza ushahidi mwingi sana juu ya yale yaliyotangulia siku hiyo. Ni wajibu wetu kama wafasiri kutoyarahisisha.

Kiswahili kina namna kadhaa za kulisema hilo, na zote zinahitaji maneno zaidi ya moja. Kama B ni ugomvi au machafuko, tunayo jozi nzuri ya "kufukuta" na "kulipuka": mgogoro uliokuwa ukifukuta ukalipuka. Kama B ni jambo ambalo lingetokea hata hivyo, kwa mfano kujiuzulu kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuchoka, "kuharakisha" inatosha: kashfa hiyo iliharakisha kujiuzulu kwake. Kama kuna watu waliokuwa wanasukumwa, "kuchochea" inaweza kufaa, lakini angalia kwamba kuchochea mara nyingi kunadai nia, na katika sheria kunaweza kusomeka kama kosa. "Kuibua" ni chaguo la kati, kwani hueleza kwamba kitu kilikuwepo chini na sasa kimepanda juu, nayo inafaa unapotaka ufupi.

Katika faili lako umenieleza kwamba kabla ya tukio la wizi palikuwa na manung'uniko ya malipo ya saa za ziada. Hilo ndilo linaloamua. Kama manung'uniko hayo yametajwa katika waraka huohuo, mwandishi wa Kiingereza alikuwa anayazungumzia alipochagua kitenzi, na sentensi yako iwe hivi: "Uamuzi wa mlalamikiwa, uliochukuliwa kwa pupa, ndio ulioufanya mgogoro uliokuwa ukifukuta ulipuke na kufika mbele ya Tume." Kama waraka hauyataji popote, usiyaingize kwa mlango wa nyuma. Andika: "Uamuzi wa pupa wa mlalamikiwa ndio ulioibua mgogoro ulio mbele ya Tume." Nimetumia "ndio" katika zote mbili kwa sababu uzito wa sentensi ya Kiingereza uko kwa mwajiri, na Kiswahili kisipousisitiza namna hiyo kitaufanya mgogoro uonekane umejizukia.

Swali lako la "precipitous" lina jibu fupi na jibu refu. Fupi ni kwamba ni ndugu wa "precipitate" lakini kazi yake ya kwanza ni ya umbo la ardhi: mwinuko au mteremko mkali unaokaribia kusimama wima. Ukiwa Moshi asubuhi isiyo na mawingu unaziona tofauti mbili kwa jicho moja. Kibo, chenye mita 5,895, kimelala kwa mgongo mpana ambao wageni huupanda kwa miguu bila kamba, na Mawenzi, chenye mita 5,149, kimesimama kwa majabali makali yaliyochongoka ambayo wapagazi na waongozaji hawawapeleki wageni wa kawaida. Mawenzi ndicho "precipitous". Anayepanda Kibo kwa kuruka siku za kuuzoesha mwili hewa nyembamba, licha ya waongozaji kumwimbia "pole pole" tangu getini, huyo upandaji wake ni "precipitate". Mlima mmoja unakupa maneno yote mawili.

Kutoka kwenye ardhi neno "precipitous" limehamia kwenye takwimu zinazoshuka kama mtu aliyeanguka genge. Mwezi Julai mwaka 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipositishwa, bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya, na wakulima wa Kilimanjaro waliiona wenyewe. Anguko la namna hiyo Kiingereza huliita "precipitous", na Kiswahili tunalo neno linalolingana nalo kabisa: bei iliporomoka. Hapo huhitaji pupa wala papara, kwa kuwa bei haina nia.

Jibu refu ni kwamba kwa karne kadhaa waandishi wa Kiingereza wamelitumia "precipitous" pia kwa maana ya tendo la pupa, na kamusi kubwa zinaliandikisha hivyo, ingawa wahariri wengi makini bado wanapendelea "precipitate" kwa matendo ya watu na kuliacha "precipitous" kwa miteremko na maporomoko. Kwa hiyo "precipitous dismissal" katika ile barua ya pili si lazima iwe kosa, na maana yake katika muktadha huo ni ileile ya kwanza. Lifasiri sawasawa na ulivyolifasiri lile jingine, ili mwamuzi asidhani mna tuhuma mbili tofauti. Usilisahihishe kwenye nakala ya Kiingereza. Waraka ni wa aliyeutia saini.

Kuna mahali ambapo neno hili halina lawama hata chembe, na nakutahadharisha kwa sababu ofisi ya wakili hupokea kila aina ya karatasi. Katika ripoti za hali ya hewa "precipitation" ni maji yanayoanguka kutoka angani kwa umbo lolote, iwe mvua, theluji au mvua ya mawe. Katika kemia "precipitate" ni chembe za mango zinazojitokeza ndani ya kimiminika na kutuama chini. Wanafunzi wa sekondari hupuliza hewa ya mapafu kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, maji yakageuka meupe kama maziwa, na yakiachwa yatulie ule weupe hushuka chini ya chupa. Wengi huuita "mashapo", na inatosha, mradi ukumbuke kwamba mashapo ya mtungini ni uchafu uliokuwemo tangu mwanzo, wakati haya ya kemia yamezaliwa mle ndani ya maji. Na katika vyeti vya hospitali utakutana na "precipitate labour", ambayo ni uzazi unaokamilika ndani ya saa tatu tangu uchungu wa kawaida kuanza. Mama hakufanya pupa yoyote, na mfasiri atakayeandika "uzazi wa pupa" katika shauri la madai ya uzembe wa hospitali atakuwa ameuhamisha mzigo kutoka kwa mhudumu kwenda kwa mgonjwa. Andika "kujifungua kwa kasi isiyo ya kawaida".

Kama utaitwa kukalimani kwa mdomo, jihadhari na matamshi, kwa kuwa mkazo haubadiliki lakini mwisho wa neno hubadilika. Kitenzi huishia na sauti ya "teit", na kivumishi huishia na sauti fupi iliyo karibu na "tit". Msemaji mwenye kasi akiyatamka yote mawili katika sentensi moja, kama ilivyo katika waraka wako, sikio ndilo litakalokuambia lipi ni shutuma na lipi ni msukumo.

Nimeahidi kurudi kwenye "ghafla", nayo inahusu safari ya kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na vyombo vya utoaji haki, kazi ya kutafsiri kwenda Kiingereza haijaisha, maana hoteli nyingi za Arusha zina wamiliki wa nje wanaotaka kusoma kilichosemwa. Mpishi wenu atakapotoa ushahidi, yumkini atasema: "Meneja aliniita, akanifukuza kazi ghafla." Ghafla ni neno la aliyetendewa. Linaeleza kwamba hakulitarajia, na halisemi lolote kuhusu kama meneja alijiandaa au hakujiandaa, kwani meneja angeweza kuwa amelipanga kwa mwezi mzima na kwa mpishi bado likawa ghafla. Ukiliandika "precipitately", umemtia shahidi hukumu mdomoni, na wakili wa upande wa pili akimuuliza alijuaje kwamba meneja hakufuata taratibu zake za ndani, mpishi hatakuwa na jibu, kwa sababu hakusema hivyo. Andika "suddenly", na umwachie wakili wako kazi ya kuonyesha, kwa barua ambazo hazikuandikwa na kikao ambacho hakikufanyika, kwamba kilichomjia mpishi ghafla kilifanywa pia kwa pupa.